Nyama Tupu na Ushahidi wa Kuazima

Wanaopunguza wanga wana hoja, na wana ushahidi wa kuisimamisha. Wanaokula nyama tupu nao wana hoja, ila ushahidi wao mwingi wameuazima kwa jirani. Hili linanisumbua kila ninapofuatilia mjadala wa lishe ya kupunguza uzito. Mtu anaonyeshwa utafiti uliofanywa kwa watu waliokula samaki, mayai, karanga na mboga za majani, kisha anaambiwa utafiti huohuo unathibitisha faida ya kuishi kwa nyama, chumvi na maji. Hauthibitishi. Mlaji wa namna hiyo hakuwamo kabisa. Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri, na hapa kinachobaki wazi ni mishipa ya moyo ya watu.

Kwanza tutenganishe mambo. Mlo wenye wanga kidogo, kwa hesabu ya watafiti wengi, ni ule usiozidi gramu 130 za wanga kwa siku. Ukishuka hadi kati ya gramu 20 na 50, ini huanza kutengeneza ketoni kwa wingi kutokana na mafuta, na ubongo, ambao kwa kawaida hutumia takribani gramu 120 za glukosi, yaani sukari ya kwenye damu, kwa siku, huanza kuzitumia ketoni hizo kama nishati. Huo ndio mlo wa keto. Nyama tupu ni jambo jingine: mboga, matunda, kunde, nafaka na karanga vyote vinaondoka, na kwa wengine hata maziwa. Ni hatua tatu, na kila moja inadai ushahidi wake.

Historia yenyewe haiungi mkono kuzichanganya. William Banting, mzee wa London aliyekuwa akisimamia mazishi, alichapisha kijitabu mwaka 1863 akieleza jinsi alivyopungua unene kwa kuacha sukari, viazi, bia na sehemu kubwa ya mkate aliouzoea. Leo anatajwa kama babu wa walaji nyama. Nyama alikula kweli, lakini alikula pia mboga, matunda, mkate mkavu kidogo, na divai hakuiacha. Mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, alipendekeza mlo wa keto kwa wagonjwa wa kifafa. Hiyo ilikuwa tiba, yenye daktari, mizani ya chakula na vipimo. Mpaka leo inawasaidia watoto ambao dawa zimeshindwa kuwatuliza, na madaktari wao huangalia kwa makini mawe ya figo, ukuaji na lehemu (kolesteroli), kwa sababu wanajua tiba hiyo ina gharama kwa mwili. Daktari Mmarekani Robert Atkins alipokuja na kitabu chake cha kupunguza wanga mwaka 1972, keto ilitoka wodini ikaingia jikoni, na tahadhari zile nyingi zikabaki wodini.

Sasa, kwa nini mtu akiacha wanga hupungua upesi hivyo? Wiki ya kwanza jibu kubwa ni maji. Mwili huhifadhi wanga katika ini na misuli kama glaikojeni, jumla yake nusu kilo hivi kwa mtu mzima, na kila gramu ya glaikojeni hukaa na gramu tatu hivi za maji. Akiba ikiisha, maji huondoka nayo. Insulini, homoni ya kongosho inayoshusha sukari ya damu, ikipungua, figo nazo huachia chumvi na maji zaidi. Mizani inasoma kilo mbili au tatu pungufu na mtu anafurahi. Simlaumu kwa furaha hiyo. Baada ya miaka ya kujaribu bila matokeo, kuona namba inashuka ni jambo kubwa. Ila mafuta aliyotaka kuyaondoa kwa sehemu kubwa bado yapo palepale, na siku atakayokula wali maji yatarudi. Wengi hukata tamaa siku hiyo, wakidhani sahani moja imewanenepesha kilo mbili.

Baada ya maji, kazi inafanywa na shibe. Protini hushibisha kuliko wanga na mafuta, na mwili hutumia asilimia 20 hadi 30 ya nishati iliyomo ndani ya protini hiyo katika kuimeng'enya tu, ilhali kwa mafuta gharama hiyo haifiki hata asilimia tano. Mtu anayekula mayai na samaki asubuhi haihangaikii saa nne kama aliyekula biskuti na chai ya sukari. Kisha lipo lile linalotajwa kwa haraka mno: ukipiga marufuku wanga, umepiga marufuku soda, keki, biskuti, pipi, chipsi za pakiti na karibu kila kitu kilichotengenezwa kiwandani ili kisikome mdomoni. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliwaweka watu wazima 20 ndani ya kituo cha utafiti, wakawalisha wiki mbili vyakula vilivyosindikwa mno na wiki mbili vyakula vya kawaida, wakiruhusiwa kula kiasi walichotaka. Walipokuwa kwenye vilivyosindikwa walikula takribani kalori 500 zaidi kwa siku, wakaongezeka uzito. Sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi vilikuwa vimelinganishwa katika vyakula walivyoandaliwa.

Utafiti huo naurudia mara kwa mara kwa sababu unabadilisha swali. Aliyeacha wanga na kupungua kilo kumi amepungua kwa kuacha wanga, au kwa kuacha vyakula vya kiwandani vilivyobeba wanga huo? Kwa mtu mmoja mmoja huwezi kujua. Kwa watu mamia, waliogawanywa kwa bahati nasibu, unaweza kukaribia jibu.

Jibu hilo tunalo kwa sehemu kubwa. Mwaka 2003 Gary Foster na wenzake waliwafuatilia watu 63. Waliokula mlo wa Atkins waliwashinda wenzao wa mafuta kidogo kwenye mwezi wa tatu na wa sita. Ulipofika mwezi wa 12 tofauti ilikuwa imefifia kiasi cha kutotegemewa. Mwaka 2008 utafiti wa miaka miwili uliofanywa Israeli kwa watu 322 ulikuta waliopunguza wanga wameshuka wastani wa kilo 4.7, waliokula mlo wa Mediterania (mboga, samaki na mafuta ya zeituni) kilo 4.4, na wa mafuta kidogo kilo 2.9. Kisha mwaka 2018 Christopher Gardner wa Chuo Kikuu cha Stanford akatoa matokeo ya watu 609 waliofuatiliwa mwaka mzima: kilo 6.0 kwa wanga kidogo, kilo 5.3 kwa mafuta kidogo. Tofauti ndogo isiyo na maana kitakwimu. Watafiti walikuwa wamepima vinasaba vya washiriki na jinsi kongosho lao linavyotoa insulini, wakitarajia kumtambua mapema nani atafaa mlo upi. Havikuwaonyesha.

Ndani ya utafiti wa Gardner kuna mambo mawili yanayosahaulika. Makundi yote mawili yaliagizwa kula mboga kwa wingi na kuacha sukari ya kuongezwa na unga uliokobolewa. Na ndani ya kila kundi, wapo waliopungua karibu kilo 30 na wapo walioongezeka karibu kilo 10. Kwa hiyo hata wastani wenyewe unaficha watu. Anayeapa kwamba wanga kidogo ndio uliomwokoa anasema kweli yake, na anayeapa kwamba haukumsaidia chochote naye anasema kweli. Na hao wa wanga kidogo, mwisho wa mwaka walikuwa wakila wastani wa takribani gramu 130 za wanga kwa siku. Ndivyo mlo huu unavyokuwa watu wakiuishi kwa muda: wenye mboga, wenye matunda kiasi, mbali sana na sahani ya nyama peke yake.

Watetezi hodari wa wanga kidogo huegemea insulini. Wanasema wanga hupandisha insulini, insulini hufungia mafuta ndani ya seli, mwili unabaki na njaa, mtu anakula zaidi. Ni nadharia iliyofungamana vizuri, na sehemu ya kwanza ni fiziolojia ya kawaida. Tatizo liko kwenye hitimisho. Mwaka 2021 Hall aliwalisha watu 20 wiki mbili mlo wa mimea wenye wanga mwingi na wiki mbili mlo wa keto wenye nyama, kote wakila mpaka kushiba. Insulini na sukari vilipanda juu zaidi kwenye wanga, kama nadharia inavyosema. Lakini walipokuwa kwenye wanga huo walikula pungufu kwa karibu kalori 700 kwa siku, wala hawakulalamika njaa zaidi. Wiki mbili ni muda mfupi na siwezi kuujengea nyumba. Unatosha kuonyesha kwamba insulini kupanda baada ya chakula hakumlazimishi mtu kula kupita kiasi.

Pale ambapo wanga kidogo unastahili heshima kamili ni kwenye kisukari cha aina ya 2. Mgonjwa ambaye mwili wake unashindwa kuidhibiti sukari, ukimpunguzia chanzo kikubwa cha sukari hiyo, vipimo vyake hushuka. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021 ulikusanya majaribio 23 na kukuta kwamba baada ya miezi sita, wagonjwa 57 kati ya 100 waliopunguza wanga walikuwa na sukari chini ya kiwango cha kisukari, dhidi ya 31 kati ya 100 waliokula milo mingine. Kufikia mwezi wa 12 faida hiyo ilikuwa imepungua sana. Chama cha Kisukari cha Marekani nacho, mwaka 2019, kilikiri kwamba kupunguza wanga ndiyo njia ya lishe yenye ushahidi mwingi zaidi wa kushusha sukari. Naona ni makosa kwa mhudumu wa afya kumkatalia mgonjwa njia hii au kumcheka. Miaka mingi wagonjwa walishauriwa wale wanga kila mlo, kisha wakaongezewa vidonge ili kuukabili wanga huohuo.

Hata hapo, mlango si mmoja. Mwaka 2017 utafiti wa Uingereza ulioongozwa na Roy Taylor na Mike Lean uliwapa wagonjwa wa kisukari vinywaji vya unga vyenye kalori zisizozidi 853 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano. Zaidi ya nusu ya nishati ya vinywaji hivyo ilitoka kwenye wanga. Baada ya mwaka, asilimia 46 walikuwa wametoka kwenye kisukari bila dawa, na kati ya waliopungua kilo 15 au zaidi ilikuwa asilimia 86. Maelezo ya Taylor ni kwamba mafuta yalipungua ndani ya ini na kongosho, na viungo hivyo vikarudi kazini. Wanga walikunywa, na karibu nusu yao walitoka kwenye kisukari.

Sasa njoo kwenye nyama tupu. Mfano unaotajwa kila mara ni wa mwaka 1928, mvumbuzi wa maeneo ya Aktiki Vilhjalmur Stefansson na mwenzake Karsten Andersen walipokula nyama peke yake mwaka mzima chini ya uangalizi wa Hospitali ya Bellevue, New York. Walimaliza mwaka wakiwa na afya, bila kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Naukubali ukweli huo. Lakini ni watu wawili, mwaka mmoja, na walikula pia maini, figo, ubongo na uboho wa mifupa. Stefansson alipopewa nyama isiyo na mafuta mwanzoni, aliugua kichefuchefu na kuhara ndani ya siku chache, hadi aliporudishiwa mafuta. Kwa hiyo nishati yao nyingi ilitoka kwenye mafuta, protini ikiwa sehemu ndogo tu. Anayekula minofu mikavu akidhani anamfuata Stefansson hamfuati.

Ushahidi mkubwa zaidi wa siku hizi ni utafiti wa maswali wa watafiti wa Harvard, uliochapishwa mwaka 2021, wenye majibu ya watu 2,029 wanaokula nyama tupu. Waliripoti kuridhika sana, uzito umeshuka, wenye kisukari wamepunguza dawa. Ila waliopatikana ni waliokuwa bado wanaufuata mlo huo, kupitia makundi ya mitandao ya wanaoupenda, na walijieleza wenyewe. Aliyeshindwa mwezi wa pili hakuwapo kujibu. Na katika utafiti huohuo, waliotoa majibu ya damu walikuwa na kiwango cha kati cha LDL, lehemu inayoitwa mbaya, cha miligramu 172 kwa desilita. Kwa kawaida chini ya 100 ndiko kunakohesabiwa kuwa kuzuri.

Hapa ndipo ninaposhindwa kukubaliana na watetezi wa nyama, na sitaki kulipitia haraka. Wao husema LDL haina neno, mradi trigliseridi, mafuta ya kwenye damu, zimeshuka na HDL, lehemu inayoitwa nzuri, imepanda. Ni kweli vipimo hivyo viwili mara nyingi huwa vizuri ukipunguza wanga, na nafurahi navyo. Lakini LDL ina kesi yake yenyewe. Michael Brown na Joseph Goldstein walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kueleza jinsi seli zinavyoiondoa LDL kwenye damu, wakianzia kwa wagonjwa waliozaliwa na kasoro ya kurithi. Watoto waliorithi kasoro hiyo kwa wazazi wote wawili huweza kupata mshtuko wa moyo kabla hawajafika utu uzima. Upande wa pili wapo watu waliozaliwa na mabadiliko ya jeni la PCSK9 yanayoshusha LDL yao maisha yote, nao huugua moyo mara chache mno. Kisha zipo dawa: kila LDL inaposhushwa kwa milimoli 1 kwa lita kwa kutumia statini, dawa za kushusha lehemu, mshtuko wa moyo na kiharusi hupungua kwa takribani moja ya tano. Jeni, ugonjwa na dawa, vyote vinaelekeza upande mmoja. Mtu anayenieleza kwamba kwake yeye pekee LDL kubwa ni salama kwa kuwa anakula safi, namwomba anionyeshe alichokitegemea, maana mishipa hujaza utando kwa miaka mingi bila maumivu.

Si kila mtu hupanda. Mwenye uzito mkubwa anayepungua kwa wanga kidogo, LDL yake mara nyingi haibadiliki sana. Wanaopanda zaidi ni wale waliokuwa tayari wembamba. Ndiyo maana kipimo cha damu kabla ya kuanza, na kingine baada ya miezi mitatu, kina thamani kuliko mabishano yote.

Nyuzinyuzi nazo. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 25 kwa siku. Nyama ina sifuri. Bakteria wa utumbo mpana huzichachusha na kutoa asidi zinazolisha seli za ukuta wa utumbo. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2019 katika jarida la Lancet uliwakuta wanaokula nyuzinyuzi nyingi wana vifo pungufu kwa asilimia 15 hadi 30 kuliko wanaokula kidogo. Kuhusu saratani, shirika la kimataifa linaloitafiti liliweka nyama zilizosindikwa, mfano soseji na bekoni, katika kundi la visababishi vya uhakika mwaka 2015, na nyama nyekundu katika kundi la vinavyodhaniwa kwa nguvu. Gramu 50 za nyama iliyosindikwa kila siku huendana na ongezeko la asilimia 18 la saratani ya utumbo mpana. Hiyo haina maana kwamba soseji ni hatari sawa na sigara, na wanaosema hivyo wanaharibu hoja nzuri. Ina maana kwamba anayekula nyama mara tatu kwa siku, bekoni ikiwamo, anakusanya hatari hiyo bila kupata faida ya kupungua ambayo asingeipata kwa samaki, mayai, maharage na mboga.

Jambo moja halisubiri mjadala. Anayetumia insulini au vidonge vinavyosukuma kongosho asikate wanga kabla dawa hazijarekebishwa na daktari, kwa sababu sukari inaweza kushuka hadi apoteze fahamu. Anayetumia dawa zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, zile ambazo majina yake ya kitaalamu huishia na gliflozin, anaweza kupata sumu ya ketoni hata sukari yake ikisoma kawaida, na kwa kuwa namba haitishi, huchelewa kwenda hospitali. Dawa za presha nazo huhitaji kuangaliwa upya maji yanapotoka mwilini. Mama anayenyonyesha asiingie keto kali. Wapo waliolazwa kwa tindikali ya ketoni kwenye damu.

Nabaki na kundi moja ambalo nalihurumia kwa dhati: walioingia kwenye nyama tupu kwa sababu tumbo, ngozi au viungo viliwatesa miaka, wakatibiwa bila nafuu, na nyama ikawapa nafuu. Nafuu hiyo naiamini. Lakini waliacha vyakula vingi kwa siku moja, na kati ya hivyo huenda kimoja au viwili tu ndivyo vilikuwa vikiwadhuru. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash nchini Australia, walioandaa mlo wa kutuliza utumbo wenye kero, walipanga kuondoa vyakula kwa wiki mbili hadi sita tu, kisha kuvirejesha aina moja baada ya nyingine huku mgonjwa akiandika dalili. Aliyetulia kwa nyama anaweza kufanya vivyo hivyo, ikiwezekana akisaidiwa na mtaalamu wa lishe: mboga laini zilizopikwa wiki hii, tunda wiki ijayo, kisha kunde, ngano na maziwa kila kimoja kwa zamu yake. Huenda akakuta kwamba ngano ndiyo ilikuwa ikimtesa, na mboga zote alizoziacha hazikuwa na kosa.